Safari ya hoki mwezi Januari: gari lenu linatosha, usingizi wa shemeji hautoshi

Swali: Mimi na mume wangu tunaishi Brooklyn Park, Minnesota, na huu ni msimu wetu wa pili wa baridi, wote wawili tumekulia Morogoro. Mwenzake wa kazini alimpeleka kutazama hoki ya barafuni ya vyuo vikuu, na tangu siku hiyo nyumbani hakuna mazungumzo mengine. Tumenunua tiketi za mechi mbili, Ijumaa na Jumamosi, mwishoni mwa Januari, kule Grand Forks, Dakota Kaskazini. Gari letu linavuta magurudumu yote manne na lina matairi yale ya misimu yote. Mume wangu anatoka zamu ya usiku Ijumaa saa moja asubuhi. Atalala kidogo, tuondoke saa sita mchana, halafu Jumamosi tugeuze mara tu mechi ikiisha kwa sababu Jumapili mchana ana zamu nyingine. Mimi nina leseni tangu Septemba lakini sijawahi kuendesha kwenye theluji. Naogopa sana barafu nyeusi. Kuna wanaotuambia gari la namna hii halitelezi, wengine wanasema tupunguze upepo kwenye matairi, wengine tuweke mifuko ya mchanga nyuma. Tufuate lipi, na je, gari letu linafaa kweli?

Jibu: Dada yangu, barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliona ulichouliza, yaani gari, matairi na barafu. Mara ya pili nilikwama kwenye maneno uliyoyapitia haraka kana kwamba ni maelezo ya ratiba tu: kwamba shemeji atatoka zamu ya usiku saa moja asubuhi, alale kidogo, kisha saa sita mchana ashike usukani kwa safari ya kilomita 500. Mimi nafundisha udereva hapa Minnesota, na kabla ya hapo niliendesha malori kwa miaka kadhaa kwenye barabara hizo hizo mnazotaka kupita. Nitajibu yote uliyouliza, lakini naomba ujue tangu mwanzo kwamba katika safari yenu kama mlivyoipanga, huo usingizi ndio unaonitia hofu kuliko barafu.

Tuanze hata hivyo na barafu, kwa kuwa ndiyo inayokunyima raha. Barafu nyeusi haina weusi wowote. Ni utando mwembamba wa maji yaliyoganda bila kunasa hewa ndani yake, ukawa angavu kama kioo, na weusi unaouona ni wa lami iliyo chini. Mkifika uwanjani msikimbilie kununua vitafunwa wakati wa mapumziko ya kwanza. Bakini vitini mtazame mashine ya Zamboni inavyozunguka polepole, ikikwangua uso uliochanwachanwa na viatu vya wachezaji na kuacha nyuma yake utando wa maji ya moto ambao huganda baada ya dakika chache. Uso ule uliokuwa mweupe wenye vumbi unageuka na kung'aa, na mistari iliyochorwa chini yake inaonekana wazi kabisa. Barabarani kazi hiyo hiyo hufanywa na theluji iliyoyeyuka mchana na kuganda jioni, au na ukungu, au hata na moshi wenye unyevu wa magari yaliyosimama kwenye taa. Madaraja hutangulia kuganda kwa sababu hewa baridi inayapiga juu na chini, ilhali barabara iliyolala juu ya ardhi bado ina joto kidogo la udongo.

Sasa mtazame mchezaji anavyosimama. Anageuza viatu vyote viwili upande, makali ya chuma yanaingia kwenye barafu, na vumbi jeupe linaruka. Tairi halina makali hayo. Kwenye lami kavu mpira wake hushika vijishimo vidogo vya barabara. Barafu ikishavijaza vijishimo hivyo, mpira haupati pa kushika. Ndiyo maana gari linalohitaji kama mita 56 kusimama kwenye lami kavu likiwa katika mwendo wa kilomita 100 kwa saa, kwenye barafu laini laweza kuhitaji karibu mita 400, bila kuhesabu muda ambao dereva anautumia kutambua hatari na kuhamisha mguu. Uwanja wa kawaida wa hoki wa Marekani una urefu wa mita 61 hivi. Panga viwanja sita na nusu, kimoja mbele ya kingine, halafu fikiria kwamba tangu ulipokanyaga breki utaviteleza vyote kabla gari halijatulia. Hata kwa kilomita 50 kwa saa, mwendo ambao mjini tunauona wa kawaida kabisa, uwanja mmoja hautawatosha.

Hapo ndipo unapopatikana ukweli kuhusu gari linalovuta magurudumu yote manne. Wanaowaambia halitelezi wanachanganya kuondoka na kusimama. Mnapoondoka kwenye theluji, kwa kweli gari lenu litajitoa mahali ambapo gari dogo litabaki likizungusha tairi za mbele. Lakini kila gari, hata lile dogo kabisa, lina breki kwenye magurudumu yote manne, kwa hiyo wakati wa kusimama au kukata kona ninyi na jirani mwenye gari dogo mko sawasawa. Nathubutu kusema kwamba kwa dereva mgeni gari la namna hiyo lina ubaya wake mmoja: linaondoka vizuri mno, likamficha kwamba barabara inateleza, mpaka atakapohitaji breki. Wakati wa dhoruba, kwenye mtaro ulio katikati ya barabara kuu, mimi huyaona magari makubwa ya aina hiyo kwa wingi.

Kuhusu upepo wa matairi, msipunguze. Ushauri huo unafaa kwenye mchanga na matope laini, nao umesafiri nasi kutoka nyumbani bila kubadilishwa. Kumbuka kwamba baridi yenyewe hupunguza upepo, takriban pauni moja ya mgandamizo kwa kila nyuzi tano na nusu za Selsiasi zinazoshuka, hivyo tairi lililojazwa vizuri mwezi Septemba laweza kuwa limepungukiwa sana Januari. Jazeni kufikia kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, tena pimeni asubuhi kabla gari halijatembea. Mifuko ya mchanga ilikuwa na maana kwa pikapu zinazosukumwa na magurudumu ya nyuma pekee. Kwenye gari lenu ni mzigo usio na kazi.

Matairi ya misimu yote ni suala la kupimana kwa uaminifu. Mpira wake huanza kukakamaa joto linaposhuka chini ya nyuzi 7 hivi, wakati tairi la baridi, lile lenye alama ya mlima wa vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake, hubaki laini na lina michano midogo mingi inayouma theluji. Kama mngekuwa watu wa kusafiri kila wikendi, ningewaambia nunueni matairi ya baridi bila kusita. Kwa safari moja, kwenye barabara kuu iliyokwisha kusafishwa theluji, tena mchana mweupe, ya misimu yote yanatosha, mradi yasiwe vipara. Kama kashata, yaani meno ya tairi, zimebaki kidogo, safari isubiri. Kwa hiyo ndiyo, gari lenu linafaa.

Jambo moja ambalo wengi wetu tuliotoka kwenye joto tunalielewa kinyume ni kwamba siku ya baridi kali zaidi ndiyo yenye utelezi zaidi. Barafu iliyo karibu na nyuzi sifuri ina utando wa maji juu yake na ndiyo mbaya kuliko zote. Ile ya nyuzi 20 chini ya sifuri ni kavu na hushikika kidogo. Baridi kali ina shida yake nyingine: chumvi ya kawaida inayomwagwa barabarani hudhoofika sana joto likishuka chini ya nyuzi 9 chini ya sifuri, kwa hiyo kilichoganda usiku huo hubaki kimeganda. Betri nayo, kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, hupoteza nusu ya nguvu zake au zaidi, wakati ule ule ambao oili imekuwa nzito na starta inahitaji nguvu nyingi. Mkifika Grand Forks mtaona magari yenye waya wa umeme unaoning'inia kwenye grili ya mbele. Si uchakavu, ni waya wa kupashia injini joto, nao huchomekwa usiku kama simu. La kwenu huenda halina, basi betri ipimwe kabla ya safari. Kuwasha injini nusu saa kabla ya kuondoka hakuna faida, dakika moja au mbili zinatosha kisha mwendeshe taratibu mpaka ipate joto, na kamwe msiiwashe ndani ya gereji hata kama mlango uko wazi, kwa maana hewa ya sumu itokayo kwenye bomba la moshi haina harufu na huua.

Njia yenyewe ni rahisi kuifuata. Mnashika barabara kuu ya 94 kuelekea kaskazini-magharibi, mnaipita St. Cloud, Alexandria na Fergus Falls hadi Fargo, kisha mnashika ya 29 kwenda kaskazini kilomita kama 130. Kipande hicho cha mwisho ndicho ninachokiheshimu. Bonde la Mto Red lilikuwa sakafu ya ziwa kubwa la zama za barafu, liitwalo Agassiz na wanajiolojia, na ardhi yake imenyooka kama meza; hakuna kilima wala msitu wa kuuzuia upepo. Theluji iliyoanguka siku tatu zilizopita huweza kuinuliwa na upepo chini ya anga la buluu, ikavuka barabara mfano wa moshi mzito, na msione hata taa za gari la mbele. Upepo ukizidi, serikali ya jimbo huifunga barabara kabisa, na malango ya chuma hushushwa kwenye njia za kuingilia. Hali ya barabara ya majimbo yote mawili hupatikana kwa kupiga 511. Mkisikia kwamba upande wa Dakota Kaskazini wanashauri watu wasisafiri, msibishane na ushauri huo kwa sababu ya tiketi.

Nimewahi kuteleza na lori tupu kwenye njia ya kutokea barabara kuu, alfajiri moja, na kosa lilikuwa langu mwenyewe. Ninachokumbuka ni ukimya. Mngurumo wa matairi ambao sikioni ulikuwa umekuwapo usiku kucha ulikatika ghafla, na usukani ukawa mwepesi kana kwamba haukufungwa popote. Ishara hizo mbili, pamoja na kuona kwamba magari yaliyo mbele hayarushi tena maji ilhali barabara inaonekana imelowa, ndizo zitakazowaambia kwamba mko juu ya barafu. Hapo dereva aondoe mguu kwenye mafuta, asikate usukani kwa nguvu, aangalie anakotaka kwenda badala ya kuangalia anachoogopa kugonga, na kama ni lazima asimame, akanyage breki kwa uthabiti bila kuipigapiga, kwa kuwa breki za magari ya siku hizi hujipigapiga zenyewe. Chombo cha kushikilia mwendo bila mguu kizimwe siku yoyote yenye unyevu.

Sasa tuje kwa shemeji. Mtu aliyekaa macho kwa saa 17 huendesha kama mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu, na akifikisha saa 24 hufanana na mwenye asilimia 0.10, kiwango kinachozidi kile cha 0.08 ambacho majimbo yote mawili huhesabu kuwa ulevi barabarani. Tuchukulie kwamba Alhamisi aliamka saa nane mchana akaenda kazini usiku. Ijumaa saa moja asubuhi atakuwa amekesha saa 17 tayari. Akifika nyumbani, akaoga, akalala kwa muda wa saa tatu, huo ni usingizi wa mchana, ambao ni mwepesi kwa sababu mwili wenyewe unajua kwamba kumekucha. Atapanda gari akijisikia vizuri kabisa, kwa kuwa furaha ya safari humwamsha mtu, na baada ya Alexandria, joto la hita likiwa limejaa ndani na mbele yake kuna weupe mtupu uliopigwa mstari mmoja, atafumba macho kwa sekunde nne na hatajua kwamba ameyafumba. Katika mwendo wa kilomita 110 kwa saa, sekunde nne ni mita 122, yaani viwanja viwili vya hoki. Mnapokaribia mwisho wa safari jua linazama, kwani mwishoni mwa Januari kule huzama kabla ya saa kumi na moja na nusu jioni, na lami iliyolowa mchana ndio inaanza kuganda.

Kurudi ni kubaya zaidi. Mechi huanza kama saa moja usiku, ina vipindi vitatu vya dakika 20 na mapumziko mawili, na mara nyingi huisha saa tatu na nusu. Mkitoka kwenye maegesho saa nne, mtafika nyumbani yapata saa tisa usiku. Mwili wa binadamu hushuka chini kabisa kuanzia saa nane usiku hadi saa kumi na mbili alfajiri, hata kwa waliozoea zamu, nao ndio muda ambao mtakuwa kwenye kipande cha mwisho mkijiambia kwamba mmekaribia. Kahawa husaidia kwa saa chache, tena baada ya nusu saa ya kuingia mwilini. Kufungua dirisha na kuongeza sauti ya redio humpa mtu imani tu. Wewe huwezi kumpokea usukani usiku huo, si kwa sababu huwezi kujifunza, bali kwa sababu barabara ya 29 gizani si darasa la kwanza la theluji.

Mna njia kadhaa. Ile ninayoipenda ni kuachana na mechi ya Ijumaa. Shemeji alale usiku mzima, muondoke Jumamosi saa mbili asubuhi, mfike mchana, mtazame mechi ya usiku, mlale hotelini, na Jumapili arudi kwa mwanga wa jua baada ya kubadilishana zamu na mwenzake. Mtapoteza tiketi mbili, au mtaziuza. Timu zinazocheza ni zile zile usiku wote wawili, hivyo hamtakosa kuwaona. Kama zamu ya Jumapili haibadilishiki, iko treni ya Empire Builder ya shirika la reli la Amtrak, ambayo huondoka St. Paul usiku na kufika Grand Forks kabla ya mapambazuko, na ile ya kurudi hupita Grand Forks baada ya usiku wa manane na kuwafikisha St. Paul asubuhi. Ubaya wake ni kwamba huchelewa mara kwa mara, hasa majira haya, na kusubiri teksi alfajiri kwenye baridi ile si jambo la kupendeza. Njia ya tatu ni kumwomba msimamizi ruhusa ya Alhamisi usiku, na ile ya Jumapili pia. Akiipata, mechi zote mbili ni zenu.

Ya nne shemeji hataipenda: kuanzia karibu. Chuo Kikuu cha Minnesota hucheza Minneapolis kwenyewe, St. Cloud iko kilomita kama 105 tu, na Duluth, ambayo timu yake imetwaa ubingwa wa taifa mwaka 2011, 2018 na 2019, iko kilomita 250, ingawa mteremko wa kuingia mjini humo kuelekea Ziwa Superior unahitaji gia ndogo na subira. Namwelewa hata hivyo anavyoitamani Grand Forks. Ukumbi wa Ralph Engelstad, uliofunguliwa mwaka 2001 kwa fedha za mtu aliyewahi kuwa golikipa wa Chuo Kikuu cha Dakota Kaskazini, huchukua watu zaidi ya 11,000 kwenye viti vya ngozi, na timu ya nyumbani ina mataji manane ya taifa. Ligi huanza Oktoba, na msimu ujao utakuwa na wikendi za Oktoba zisizo na theluji.

Njia yoyote ya gari mtakayochagua, ndani yake muwe na blanketi mbili, sepetu, tochi, maji, chakula kisichohitaji kupikwa, na chaja ya simu. Mkikwama kwenye theluji msitoke kutafuta msaada kwa miguu. Washeni injini dakika 10 kwa kila saa, dirisha moja likiwa wazi kidogo, na kabla ya kuiwasha hakikisheni bomba la moshi halijazibwa.

Kuna mambo matatu ambayo barua haiwezi kuyamaliza. Wiki moja kabla, mpelekeeni fundi gari apime betri, kashata za matairi na maji ya kioo, ambayo lazima yawe ya aina isiyoganda. Kama shemeji hukoroma sana, au amewahi kushtuka usukani ukiwa umeacha mstari, amwone daktari wala asingoje safari, kwa maana huenda usingizi wake una tatizo ambalo likizo haitalitibu.

La tatu ni lako. Tafuta mwalimu, au mtu mwenye uzoefu wa misimu kadhaa, na Jumapili asubuhi theluji ikiwa imeanguka mwende kwenye maegesho matupu yasiyo na nguzo za taa karibu. Endesha kwa maili 15 kwa saa, kanyaga breki mpaka mwisho, usikie inavyotetemeka chini ya mguu na inavyokwaruza, halafu shuka uhesabu hatua kutoka ulipokanyaga hadi liliposimama. Rudia kwa maili 20, uhesabu tena.